Zizi la Senkondo

Ng'ombe wa zizi moja hufa siku moja. Mmeisikia leo mnadani mkataka kujua ilikotoka. Basi, methali hii ilianza hivi, huko milimani Upare.

Zamani mwenye mifugo hakuilaza yote kwake. Alimweka ng'ombe mmoja kwa jirani huyu, mwingine kwa yule wa ng'ambo ya bonde. Mlezi alikata majani, akapata maziwa na samadi. Ndama wa kwanza alikuwa wa mwenye ng'ombe, wa pili wa mlezi, hivyo hata asiyerithi kitu aliweza kupata chake.

Senkondo aliweka ng'ombe karibu kila nyumba ya kijiji. Mali ikamzalia mali. Mwaka wa ukame walezi walimpa hata ndama wao ili wapate mahindi. Hakumwibia mtu, lakini kila alipopita njiani aliona maziwa yake yakinywewa na wengine, na roho ikamuuma. Akajenga zizi kubwa, akawarudisha wote nyumbani.

Wa mwisho alikuwa kwa Nakiete, mjane wa ndugu yake, aliyekuwa akilea mjukuu aliyefiwa na mama.

"Shemeji, mtoto huyu hana ziwa jingine," Nakiete alisema. "Niachie mpaka aanze kula."

"Ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi mfungue."

Mama wa watu akamfungua. Mtoto yule hakuyaona mavuno.

Masika yaliyofuata ikaja sotoka. Ng'ombe mmoja alianza kutoa machozi na udenda, na kwa kuwa wote walilala pamoja na kunywa pamoja, zizi likabaki tupu. Wakati huo mkwewe Senkondo alikuwa amejifungua, na maziwa yamemkaukia. Mzee akazunguka nyumba kwa nyumba akiomba maziwa. Kote alikuta vigingi vitupu, navyo alivifanya vitupu yeye mwenyewe. Akafika kwa Nakiete kwa aibu.

"Shemeji, hapa hakusalia hata ndama?"

"Ungemwacha, angekuwepo," Nakiete alijibu. "Na mtoto wangu angekuwepo."

Senkondo akalia. Nakiete hakumfukuza. Alitungua ukutani kamba aliyomfungia ng'ombe yule, akamwekea mkononi.

"Vuka bonde. Kule bado wanawekeana. Kaombe kulea wa watu, mjukuu wako apate kunywa. Na siku utakapopata wako tena, ukumbuke: ng'ombe wa zizi moja hufa siku moja."