Matusi ya Mlango wa Kiwambani

Wajukuu zangu, niwieni radhi mapema, maana kisa hiki nakiharibu kila nikikisimulia. Babu yangu alikuwa akikisimulia hadi paka anasahau samaki. Nikikisimulia mimi, paka anachukua samaki wangu na kuondoka zake. Lakini waliokijua vizuri wote wamelala makaburini, na aliyebaki ni huyu mnayemwona, mwenye meno yasiyosalimiana. Vumilieni.

Nikibisha hodi, nikaribisheni. Hodi, kisa!

Karibu, kisa!

Mbona kama hamjala? Hodi, kisa!

KARIBU, KISA!

Haya. Zamani, zamani zile papa bado anamwogopa mtu, palikuwa na kisiwa kikiitwa Kiwambani. Kidogo! Ukipiga chafya upande huu, upande wa pili wanakuombea afya. Kimezungukwa na miamba pande zote, na katikati ya miamba pana mlango mmoja wa kupitia, umejipinda kama utumbo wa mbuzi. Hapiti mtu mlangoni pale mpaka asimamiwe na mwitaji juu ya mwamba, amwambie shika kulia, sasa kushoto, sasa tulia. Ukipita kwa akili zako mwenyewe, unafika vipande vipande.

Kwa kuwa haji mtu wala haendi mtu, lugha yao ilibaki vile vile walivyoiacha mabibi wa mabibi zao. Njia kwao ni ndia. Maji ni mai. Hawaji, wanakuya. Watu wa bara wakiwasikia, wanashika mbavu.

Sasa sikilizeni vizuri. Walikuwako wateka watu baharini. Mwaka mmoja walimkamata mvuvi wa Kiwambani, wakajifunza kwake salamu zote, wakaja mlangoni na tabasamu. Hamjambo, hatujambo, wakaelekezwa ndani. Jioni ile mafiga mengi yalibaki baridi, wapishi hawapo, watoto hawapo. Hawapo mpaka leo.

Ndipo wazee wakaweka mila. Mlangoni hakuna salamu tena. Mlangoni ni matusi! Mwitaji anakutukana, nawe unamrudishia. Kwa nini? Salamu hujifunza yeyote. Lakini kugombana kwa Kikiwambani, wajukuu zangu, lazima uwe umelelewa na mama wa Kiwambani. Mgeni akitukanwa hunyamaza, au huomba radhi, au huchomoa upanga. Mwenyeji hujibu hata kama anazama.

Na mwitaji wa siku zile alikuwa Mwanamize binti Famau. Mdomo wake! Akimtukana mtu asubuhi, mpaka usiku mtu yule bado anajaribu kulielewa tusi.

Mwanamize alikuwa na mwana mmoja, Shekuwe, aliyekwenda bara kutafuta maisha. Siku ya kwanza mjini Shekuwe alimwita mtu, "Ndoo hapa," yaani njoo. Akaletewa ndoo. Soko zima likacheka. Tangu siku ile akaanza kuusugua ulimi wake kama sufuria, mpaka ukang'aa, mpaka ukawa hauna harufu ya kwao. Miaka ikapita. Mama akingoja.

Hodi, kisa!

Karibu, kisa!

Basi alasiri moja ya masika mvua ilishuka nene, huoni ncha ya pua. Maji yanakupwa kwa kasi. Na maji yakikupwa pale, mawimbi huanza kuvunjikia mlangoni, na mashua iliyo nje haina tena maisha. Mwanamize yuko juu ya mwamba. Nyuma yake wamesimama wanaume wenye mikuki na mawe, na mbele yao Mzee Bakathiri, mkuu wa kisiwa, amekumbatia jiwe kubwa kuliko nguvu zake.

Likasikika kasia. Kra. Kra. Mashua!

Mwanamize akajaza kifua. "Nani weye, unayepiga makasia kama akorogaye uji wa mgonjwa?"

Sauti ikatoka mvuani:

"Shikamoo, mama! Ni mimi mwanao, Shekuwe. Tafadhali, tuelekeze njia."

Mwanamize akatega sikio. Sauti ni ile ile. Lakini maneno! Kila neno limepigwa pasi.

"Umesikia?" Mzee Bakathiri akamnong'oneza. "Shikamoo! Tafadhali! Tena *tu*elekeze. Wako wangapi humo?"

"Sauti ni yake, baba."

"Sauti huigwa. Mtukane tena."

"Shekuwe wangu naijua rangi ya kamasi zake!" akapaza Mwanamize. "Weye una nini juu ya shingo hiyo, kichwa au kifuu?"

"Nisamehe, mama, kama nimekukosea. Tumeloa, na maji yanapungua."

Jibu, mwanangu, jibu! Moyo ulipiga kelele, kinywa hakikuthubutu. Mila ilimkataza kumwambia "nitukane", maana anayefundishwa jibu mlangoni hajajibu.

Mara ikasikika sauti ya pili. Ya mwanamke, tena ya bara: "Muombe kwa upole zaidi!"

"Mtego!" Mzee Bakathiri akainua jiwe mpaka kifuani. "Shukeni majini! Mwanamize, usiwaelekeze. Nyuma yako kuna watoto wa watu."

Wimbi likapiga. Ubao ukalia, *kaaa*, kama mfupa. Mwanamke kule akapiga ukelele.

Akimwelekeza, na kumbe si yeye, mafiga yatapoa tena. Asipomwelekeza, na kumbe ni yeye... Mwanamize akafungua kinywa atukane mara ya mwisho. Tusi halikutoka. Machozi na mvua, huwezi kuvitenganisha. Akasimama bubu, Mwanamize binti Famau, bubu! Na mwitaji akinyamaza, mashua imehukumiwa.

Mawimbi tu. Mvua tu.

"Mama?" ikaita sauti. "Mama, mbona umenyamaa?"

Wimbi jingine likapiga.

"Mama!" Sasa sauti inatetemeka. Na hofu ile, wajukuu zangu, ilibandua pasi yote ya bara. "Weye mwanamke weye! Mdomo huo haufungwi hata na usingizi, leo ndo umepata pa kuupumzisha? Nimekuya na mke wangu, mai yamwingia masikioni, nawe umesimama kama kinu kisicho mtwangio! Nambia ndia, au wataka kututia kwenye supu?"

Mzee Bakathiri akaachia jiwe. Likaangukia mguu wake mwenyewe.

"Kushoto, punda weye!" Mwanamize alilia, alicheka, alipasua mvua. "Kushoto! Mkono usiolia!"

"Naujua! Weye ndo uliyeshindwa kunifundisha!"

"Tulia sasa! Kulia! Kulia, mzigo weye!"

Wakaja hivyo, tusi kwa tusi, pindo kwa pindo, hadi mashua ikalalia mchanga, nusu imejaa maji. Mwanamize akamrukia mwanawe, akampiga kofi, akamkumbatia, akampiga jingine.

"Mbona hukujibu, wataka nife?"

Shekuwe akainamisha kichwa. "Nilidhani sauti itatosha. Na nilimwambia mke wangu mama yangu ana maneno ya asali, nikaona haya kutukanana nawe mbele yake."

Mke akashuka, nguo zimemganda, meno yanagongana. Mwanamize akamtazama juu mpaka chini. "Na kuku huyu wa mvua ni wa nani?"

Mikuki bado iko mikononi. Yule mwanamke akapangusa pua, akasema, "Afadhali kuku wa mvua kuliko jogoo anayewika mwambani hadi vifaranga wake wanazama."

Kelele zilizopigwa siku ile zilishusha nazi. "Huyu wetu!" akapiga mayowe Mzee Bakathiri, akicheza kwa mguu mmoja. "Lafudhi tutamfundisha!"

Basi, wajukuu zangu, jifunzeni lugha za watu, zote mtakazozipata, na mzisafishe mpaka zing'ae. Lakini ile mliyogombezwa nayo utotoni msiitupe. Iko siku ndiyo itakayowafungulia kwenu.

Kisa kimeingia bandarini, kamba nimeifunga, anayetaka kushuka ashuke.

Mbona mnanitazama hivyo? Hamkuchekeshwa? Si kosa la Mwanamize. Mimi ndiye niliyewasimulia yote kwa Kiswahili cha shuleni, kilichonyooka kama rula. Ningekuwa mimi mashuani siku ile, mpaka leo ningekuwa nje ya mlango, nimeloa, nasema shikamoo.