Matundu ya Mahakama ya Zamani

Mtu mzima huona haya kuuliza, akabaki na ujinga wake kama mzigo aliobebeshwa na mwenziwe. Wahenga waliliona hilo, wakatuachia dawa yake: kuuliza si ujinga.

Serikali ilipohamia majengo mapya, mahakama ya zamani ilikabidhiwa jiji. Jiji likaamua kuigeuza kliniki ya wazazi, kwani akina mama walikuwa wakijifungulia katika banda la kupanga lililovuja kama pakacha. Mafundi waling'oa kizimba, wakaziba kila upenyo wa ukutani na kupaka chokaa. Ajabu ni kwamba vyumba viligeuka tanuri, na kuta zikatoka jasho.

"Jengo limechoka hili," alisema meya. "Kesho baraza likikubali, tunalibomoa. Tutajenga jingine pesa zikipatikana."

Muuguzi mkuu alijua maana ya "zikipatikana": banda lile lile, mvua ile ile. Alasiri hiyo alikwenda kuliaga jengo. Chini ya kila ukuta aliona mabaka ya saruji, yamepangwa sawasawa kama vifungo vya shati.

"Shemeji," alimwuliza fundi mkuu, mume wa dada yake, "hapa palikuwa na nini?"

"Matundu ya panya. Meya kasema yazibwe, tukaziba. Au unataka panya nao waje kujifungua?"

"Panya gani hao wanaotoboa kwa kipimo?"

Fundi aliinama, akayahesabu mabaka kwa kidole. "Sasa umeniwasha, shemeji. Hata mimi nataka kujua."

Akachukua patasi na nyundo, akazibua tundu moja. Muuguzi akaning'iniza kipande cha bendeji mbele ya tundu. Bendeji ikapepea kuelekea chumbani. Walizibua chumba kizima. Upepo ukaingia chini, ukaisukuma hewa ya moto juu, ikatokea kwenye vipenyo vya dari.

Asubuhi, kabla ya kikao cha baraza, walimwita meya chumbani humo, akaingia akijifuta jasho. Baada ya kitambo akakitia kitambaa mfukoni, akaangaza huku na huku.

"Mmefunga feni wapi?"

"Hatukufunga kitu, mheshimiwa," alijibu muuguzi. "Tumelizibua jengo pua. Lilikuwa linakosa pumzi."

Meya alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe niliyechoka ni mimi!"

Hoja ya kubomoa haikufika barazani. Mvua zilipoanza, mtoto wa kwanza alizaliwa mle mle zilimosomwa hukumu, akalia kwa nguvu kama anayekata rufaa. Lakini hukumu ya jengo lile haikuwa na rufaa: kuuliza si ujinga.