Dakika Tano za Aketch

Muulize mtu wetu yeyote aliko, atakuambia yuko karibu. Yuko kitandani, lakini yuko karibu. Yuko bafuni na povu la sabuni usoni, lakini ameshafika kona. Wala hatuliiti jambo hilo uongo. Tunaliita kumtuliza anayengoja. Wahenga hawakudanganyika. Walisema njia ya mwongo ni fupi, yaani uongo haumfikishi mtu mbali kabla ya kumwumbua. Aketch aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi huko Siaya. Aliwahi hata kuiandikia insha, akasifiwa mbele ya darasa.

Aketch alikuwa mtunza wazee. Alikaa Marekani, katika mji mdogo wa College Park, nyuma ya chuo kikuu, na kila siku alikwenda Washington kumhudumia Bibi Lorraine, mwalimu mstaafu wa miaka themanini na sita ambaye kumbukumbu zake zilikuja na kuondoka kama mgeni asiyejua akae au aende. Usiku bibi alilindwa na Anitha, Mtanzania wa Mbeya aliyekuwa akisomea uuguzi. Sheria yao ilikuwa moja: nyumba haiachwi. Wa usiku haondoki mpaka wa mchana aingie mlangoni, saa moja kamili asubuhi. Wairimu, mama wa Kikenya mwenye wakala mdogo uliowaajiri wote wawili, aliirudia sheria hiyo kila mwezi, na kila mara aliongeza, "Ukiona utachelewa, nipigie. Nitatafuta mtu wa kushika zamu."

Kisha ikaja dhoruba ya Septemba. Mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua, maji yakashuka kwa ngazi za kituo kilicho karibu na kwa bibi na kujaa katika handaki la reli ya chini ya ardhi. Yalipotolewa kwa pampu, likabaki tope. Tope lilipozolewa, zikaonekana nyaya zilizooza na taa za kuongozea treni zisizowaka. Tangazo la kwanza lilisema matengenezo ni ya wiki moja. La pili likasema mbili. Treni sasa ilimshusha Aketch kabla ya handaki, akapanga foleni ya mabasi ya dharura pamoja na nusu ya mji, na basi likajikokota barabarani hadi ng'ambo ya pili. Safari ya dakika arubaini ikawa ya saa mbili, kwenda na pia kurudi. Alichoka, jamani! Alichoka mpaka kope. Alilala amesimama, ameshika bomba la basi, na mara mbili aliamka akiwa ameegemea bega la mtu asiyemjua.

Angeweza kumpigia Wairimu. Lakini kwa miaka sita Aketch hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na Pasaka iliyopita Wairimu alimsimamisha kanisani, akamsifu kwa hilo, na watu wakampigia makofi. Mtu aliyepigiwa makofi kwa kuwahi atapigaje simu kusema anachelewa? Akaona heri amtulize Anitha tu.

"Uko wapi, dada?" Anitha aliuliza kila asubuhi.

"Nimeshashuka. Niko hapa kona, dakika tano."

Dakika tano hizo zilikuwa nusu saa, siku nyingine zaidi. Anitha alimfungulia mlango macho yamemwiva kwa usingizi. "Hebu niambie, dada, hizo kona zenu huko Kenya zina urefu gani?" Wote wawili walicheka, na kesho yake kona ikawa ile ile.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Anitha hakucheka. "Kesho nina mtihani wa vitendo huko Fairfax," alisema. "Mlango unafungwa saa tatu, na ukiukosa unangoja mpaka Januari. Mwenzangu wa darasani atanipitia saa moja. Kama hutawahi niambie sasa hivi, nimwombe Wairimu alete mtu. Sitakasirika."

"Woi, Anitha! Kesho nitakuamsha mimi."

Alikusudia hivyo hasa. Alhamisi alitoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri. Lakini siku hiyo mafundi walikuwa wakijaribu taa mpya, na treni yake ikasimama katikati ya njia kwa muda mrefu, imenyamaza. Aliposhuka, foleni ya mabasi ilikuwa imezunguka jengo. Mabasi mawili yalijaa, yakamwacha. Saa moja kasoro dakika tano simu ikalia.

"Uko wapi, dada? Mwenzangu yuko nje, anapiga honi."

Mbele ya Aketch walikuwa watu wasiopungua hamsini. Moyo ulimwambia: sema. Ulimi ukawahi. "Nimeshashuka. Dakika tano."

"Kweli? Niende?"

"Nenda, mpenzi, usikose mtihani. Mimi naiona nyumba."

Aliifikia saa mbili kasoro dakika kumi, anahema. Mlango ulikuwa wazi. Chai ya Bibi Lorraine ilikuwa mezani, imepoa, haijaguswa. Koti lake lilikuwa kwenye msumari, na viatu vyake chini ya koti. Aketch aliita sebuleni, akaita bafuni, akafungua hata kabati la nguo. Kisha akampigia Anitha.

"Anitha, umeondoka na bibi?"

"Dada," Anitha alisema polepole, "si ulisema unaiona nyumba?"

Aketch aliwapigia polisi, akampigia Wairimu, akatoka mbio bila kufunga mlango. Alikimbilia kituoni kwa sababu ndiyo njia pekee aliyomzoesha bibi walipotoka kunyoosha miguu. Tangu dhoruba yeye mwenyewe hakuwa amepita hapo, kwani basi lilimshusha mtaa mwingine. Alikuta uzio umezunguka kituo, pampu zinanguruma, na mipira minene ya maji imetandazwa njia nzima. Lango la uzio lilikuwa wazi ili mipira ipite. Njiani alikuwa akiomba Mungu kwa Kijaluo, jambo ambalo hakulifanya tangu mama yake afariki.

Bibi Lorraine alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, ndani ya gauni la kulalia na koti la mafundi la rangi ya chungwa lililommeza. Midomo ilikuwa imepauka kwa baridi, na unyayo mmoja ulikuwa ukivuja damu. Fundi mmoja mwenye viatu vya matope alikuwa amechuchumaa mbele yake, akimfunga kitambaa.

"Mungu wangu! Bibi!" Aketch alilia kwa Kiswahili.

Fundi akainua uso. "Kumbe ni wetu! Naitwa Mwita, dada, mtu wa Tarime. Huyu bibi nimemkuta ngazi ya tatu, anashuka. Huko chini bado kuna maji, na ngazi za mwisho tumezing'oa. Kama ningekuwa nimeenda kuchukua kahawa..." Akakaza fundo la kitambaa.

Bibi Lorraine alimtambua Aketch, akatabasamu. Alisema kwa Kiingereza chake safi cha ualimu, pole pole, kama anayesoma imla, "Anitha aliniambia umebakisha dakika tano. Nikazihesabu kwenye saa, zikapita. Nikasema maskini, labda amepotea. Nimekuja kukupokea."

Aketch alipiga magoti kwenye tope, akaikumbatia miguu ile ya baridi, akalia mpaka Mwita akageukia pembeni. Baadaye fundi alielekeza kidole kwenye bango la uzio. "Unaona lile? Tuliandika wiki moja, watu wakatutukana. Tukaandika wiki mbili, wakatutukana zaidi. Juzi tumebandika kwamba tarehe haijulikani. Tangu siku hiyo hajatutukana mtu. Wameshapanga safari zao."

Wauguzi wa gari la wagonjwa walimpima bibi, wakamrudisha nyumbani, wakasema atapona, apewe joto na asiachwe peke yake. Wairimu alifika, na punde Anitha naye, ambaye alikuwa ameshuka kwenye gari la mwenzake katikati ya safari, akarudi.

"Mtihani?" Aketch aliuliza.

Anitha alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na robo. "Ungeniambia uko kwenye foleni, dada. Ningempigia Wairimu, angeleta mtu, nami ningekwenda. Ni hilo tu." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka kama Aketch alivyochoka, na hilo lilimuuma Aketch kuliko matusi.

Wairimu alinyoosha kiganja. "Nipe ufunguo. Mimi sikufukuzi kwa kuchelewa, Aketch. Mji mzima umechelewa. Lakini nitamwambiaje mwana wa huyu mama, ambaye ndiye anatulipa, kwamba ukisema uko mlangoni, uko mlangoni?"

Aketch alitoa ufunguo. Alikwenda kuchukua mkoba wake, na alipopita sebuleni Bibi Lorraine, amefunikwa blanketi mbili, alimwita.

"Unakwenda wapi? Utarudi saa ngapi?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, limekaa pale pale lilipozoea kukaa: sasa hivi, bibi, dakika tano. Aketch alilimeza. Akamtazama Anitha aliyekuwa akimpasha bibi miguu, kisha akasema ukweli wake wa kwanza kwa wiki tatu.

"Sirudi, bibi. Tafadhali, usije kunipokea."

Akatoka, akaenda kupanga foleni. Ilikuwa ndefu kama ya asubuhi, na mbele yake palikuwa na safari ya saa mbili. Njia ya mkweli ilikuwa ndefu wiki zote hizo, na ingalimfikisha. Njia ya mwongo ni fupi.