Maombi ya Kombo na Finjani ya Mfalme

Isome hii taratibu kabla hujaisambaza. Mimi nikisimulia, hata chai husubiri kupoa.

Katika nchi moja mfalme alikuwa na desturi yake. Mtu akihukumiwa, ndugu yake huruhusiwa kumsomea mfalme maombi kwa muda wa finjani moja ya kahawa. Kahawa ikiisha, na masikio yamefungwa.

Mwandishi hodari kuliko wote aliitwa Kombo. Barua ya posa aliyoiandika Kombo haikuwahi kukataliwa, hata bwana harusi awe na sura ya kiatu.

Safari hii yalimfika mwenyewe. Mdogo wake, Makame, mlinzi wa ghala la mfalme, alikuwa anyongwe adhuhuri kwa kufungua ghala bila ruhusa. Kombo akaandika kurasa kumi na mbili.

Mkewe, Time, akazisoma. "Baba Siti, mbona simwoni Makame humu?"

"Yumo. Ukurasa wa tisa."

"Wa tisa! Mfalme anakunywa finjani, hanywi pipa. Punguza, mume wangu."

"Nipunguze nini? Kila neno hapa nimelitolea jasho!"

"Jasho lako na shingo ya shemeji yangu, kipi kizito?"

Kombo akaondoka amenuna, hajafuta hata nukta.

Barazani akatanguliwa na mwandishi mwingine, aliyekuja kumwombea mjomba wake. Yule bwana akamsifu mfalme, akamsifu farasi wa mfalme, akamsifu na babu yake farasi. Kabla hajalitaja jina la mjomba, finjani ikagonga sinia: ko! Askari wakamkokota mjomba.

Kombo akazitazama kurasa zake kumi na mbili. Akachomoa kalamu. Ukurasa wa kwanza, sifa za mfalme, aliuandika kwa siku tatu na kila akiusoma alilia mwenyewe kwa utamu wake. Akaupiga mstari, utadhani anajikata kidole. Wa pili. Wa tatu. Anaitwa, bado anafuta.

Mfalme akainua finjani. Kombo akasoma:

"Makame alifungua ghala kwa sababu watoto walikuwa wanakufa njaa mlangoni, na wewe mwenye ruhusa ulikuwa mawindoni."

Akazikunja karatasi. Mfalme hajapiga hata funda moja.

"Ndiyo hayo tu? Lete hizo karatasi."

Chini ya mistari ya wino, sifa zilisomeka bado. Uso wa mfalme ukabadilika.

"Simba wa nchi... mwezi wa mashariki... Kombo, umenifuta mimi?"

Kombo akapiga magoti. "Ndiyo, mfalme wangu. Nimekufuta. Ulikuwa umemziba ndugu yangu."

Mfalme akaiweka finjani chini, imejaa vilevile.

"Miaka ishirini nasikiliza maombi, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona mtu niliyemhukumu. Mfungueni Makame. Na yule mjomba mrudisheni upesi, mwandishi wake apewe kalamu, naye aanze kufuta!"

Funzo: Maneno yako unayoyapenda kuliko yote ndiyo ya kuyachunguza kwanza ukishika kalamu ya kufuta, maana huenda yamemziba mtu uliyekuja kumwokoa.