Bi Fidha Mwosha Maiti na Ardhi ya Chumvini

Imepokewa kutoka kwa waosha maiti, nao ni watu wasiosema ovyo, kwamba katika mji mmoja wa kale uliokuwa kando ya mto, paliishi mja mwema wa Mwenyezi Mungu aitwaye Fidha. Alikuwa mweusi. Aliletwa mji ule kwa nguvu akiwa msichana wa miaka saba, akachomwa chapa nyuma ya bega la kulia, mwezi mwandamo na nukta mbili, ndiyo alama ya mashamba ya chumvi. Akafanya kazi ya chumvi mpaka ngozi ya miguu ikapasuka, kisha bwana wake alipokaribia kufa akamwacha huru kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Siku ya kuandikwa uhuru wake, karani alimwuliza, "Fidha binti nani?"

"Binti Chipungu."

Karani akajaribu mara tatu. Herufi za mji ule hazikuwa na cha, wala pa, wala ile sauti ya mwisho inayotoka puani. "Sibunku," akasema, na wenziwe wakacheka. Basi akaandika alivyowaandikia weusi wote waliomtangulia: binti Abdallah. Akamweleza kwa upole kwamba Abdallah maana yake mja wa Mungu, na kila baba ni mja wa Mungu, kwa hiyo hakuna uongo uliosemwa. Naam, hakuna uongo. Nani atakanusha kwamba baba yake alikuwa mja wa Mungu? Lakini Chipungu alifutwa siku ile, na neno lililotumika kumfutia lilikuwa neno tukufu.

Mji ule ulikuwa na viwanja viwili vya makaburi. Cha juu kilikuwa ndani ya ukuta, kwenye mchanga mkavu wenye mikunazi. Cha pili kilikuwa nje, bondeni, mahali paitwapo Chumvini. Huko walizikwa weusi, watumwa na walioachwa huru pamoja, na kila mwaka mto ulipofura uliingia Chumvini na kuondoka na wafu wake. Jauhari, mume wa Fidha, aliyekuwa mchukuzi wa maji, alizikwa Chumvini. Maji yalipokauka, mkewe alikwenda na kukuta shimo, na kipande cha sanda kimenasa kwenye vichaka. Akakifua, akakikunja, akakiweka kifuani, ndani ya nguo zake. Tangu siku hiyo akaomba kazi ya kuosha maiti, kwa kuwa, alisema, kama hakuweza kuwalinda wafu na maji ya mto, angalau awaheshimu kwa maji ya mtungi.

Nayo mikono yake ikawa na sifa. Mabibi wa nyumba kubwa, ambao wakiwa hai wasingekunywa kikombe alichokigusa, waliusia kwamba wakifa wasioshwe na mwingine. Aliwageuza taratibu kama wamelala tu, akawamiminia maji ya majani ya mkunazi, kisha ya kafuri, na alichokiona juu ya mwili hakikutoka nje ya mlango. Kidonda, mimba, alama ya kipigo cha mume, vyote vilikwenda na sanda. Watu husema mwosha huoshwa, na Fidha aliuchukua msemo ule kwa maana yake yote: kila maiti alimsitiri kama ambavyo angetaka asitiriwe yeye.

Akafa Bibi Atika, mama yake Kadhi Numani. Bibi huyo alikuwa wa rangi ya maji ya kunde, na wanawe walikuwa wakisema ni jua la Yemeni, kwa kuwa ukoo wao ni wa huko, babu kwa babu. Aliusia aoshwe na Fidha peke yake, na wanawake wote watoke chumbani. Fidha akastaajabu kwa wasia huo mpaka alipomlaza maiti ubavu wa kushoto na kumwaga maji nyuma ya bega la kulia. Palikuwa na mwezi mwandamo na nukta mbili.

Alisimama na kata mkononi mpaka maji yakaisha kudondoka. Kisha akaongeza kafuri mahali pale, akaweka pamba, akafunika.

"Tulia, dada," akamwambia. "Umefika."

Bibi Atika akazikwa juu, penye mikunazi, na Fidha akarudi nyumbani kwake, hakumwambia mtu hata Yakuti, binti yake wa pekee.

Huyu Yakuti ndiye aliyekuwa dunia yake yote. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma Kurani, na wasichana wa mtaa walikuja uani kwake kusomeshwa, weusi kwa weupe. Mwaka uliofuata akashikwa na homa, na siku ya kumi na moja akamshika mama yake mkono.

"Mama, mimi nakwenda. Naomba kitu kimoja. Usinilaze majini."

"Sitakulaza majini," Fidha akamjibu. Ndivyo anavyojibu mama, nani angejibu vingine?

Yakuti akafariki alfajiri. Mama akamwosha kwa mikono yake mwenyewe, akamvisha sanda tano, akamwachia jirani amkalie, naye akaenda kwa kadhi, maana maiti hangoji.

Hakwenda peke yake. Alikuwapo fundi viatu mmoja, jina lake Anbari, naye pia ni katika walioachwa huru. Mtu huyu kwa miaka tisa alikuwa akiandika ombi kwa niaba ya weusi wa mji ule, kwamba wafu wao wazikwe ardhi kavu. Mara nne ombi lile lilipelekwa, na mara nne lilirudi likiwa limefungwa kwa uzi uleule, na fundo lilelile alilolifunga Anbari mwenyewe. Asubuhi ile alikusanya watu arobaini, wakasimama uani kwa kadhi wakiwa wametawadha, kana kwamba wamekuja kuswali.

Kadhi Numani alikuwa mtu wa adabu. Mungu anisamehe, mimi msimulizi humchukia zaidi kwa adabu ile. Alimkaribisha Fidha, akampa pole, akamwombea marehemu.

"Lakini, mama yangu," akasema, "kanuni ya makaburi haikumtaja mtu mweusi hata mahali pamoja. Isome yote, hutaiona rangi. Inataka mashahidi wawili wenye nasaba iliyoandikwa, wanaomjua babu wa maiti. Basi."

"Ninao arobaini wanaotujua."

"Nasaba zao zimeandikwa?"

Hapo Anbari akasogea. "Bwana kadhi, ili mmoja wetu aandikwe nasaba, sharti atolewe ushahidi na aliyekwisha kuandikwa. Miongoni mwetu hakuna aliyeandikwa. Tutaanzia wapi?"

"Ndilo jambo gumu," kadhi akakiri, akitikisa kichwa kwa huzuni. "Kanuni hii nimeikuta."

Fidha akageuka. Barazani walikuwa wamekaa wazee watatu wa nyumba kubwa, wenye nasaba ndefu kuliko vilemba vyao. Wote watatu mama zao aliwaosha yeye. Akawatazama mmoja mmoja. Mmoja akaanza kuchezea tasbihi, na wawili wakatazama mkeka. Mdomo wangeufungua kwa nini? Kumshuhudia mweusi mmoja leo ni kuwafungulia lango wote kesho.

"Bwana kadhi," akasema, "mama yako aliusia aoshwe na mikono hii. Mikono yangu iliaminiwa na mama yako, ulimi wangu hauaminiwi na wewe?"

"Mikono ni kazi," akajibu kadhi. "Ushahidi ni nasaba. Na wewe umeandikwa binti Abdallah. Abdallah yupi?"

Kila mmoja wa wale watu arobaini aliandikwa mwana wa Abdallah.

Anbari akamwinamia sikioni. "Dada, wewe umewaona wote bila nguo. Kama liko neno, liseme leo. Mtoto anakungoja."

Neno lilikuwapo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wake tangu alipoingia mlangoni, tamu na chungu. Angesema tu: bwana kadhi, mwezi mwandamo na nukta mbili, bega la kulia. Angeivua nguo yake mwenyewe begani kuwaonyesha mfano. Nasaba ya Yemeni ingeanguka mbele ya wazee watatu, na kadhi angebaki hana pa kuuweka uso wake.

Lakini Fidha alikwisha kuwaza mbele zaidi. Kanuni ingebaki palepale. Kadhi angelazimika kuifuata, au aje mwingine aifuate, na kabla ya adhuhuri watu wangekwenda na majembe penye mikunazi kumtoa Bibi Atika na kumpeleka Chumvini. Watu wa mji wangeshangilia kwa mwaka mzima kwamba mama wa kadhi alikuwa na chapa. Yakuti asingepata kaburi, wangekuwa wawili majini. Na tena, iwapo atalitoa neno lile kama aibu ya mtu, atakuwa amekubali kwamba ni aibu, yeye aliyebeba alama ileile mgongoni miaka arobaini na kuswali nayo.

Na zaidi ya yote, alikwisha mwambia maiti, umefika.

"Liko la kusema?" kadhi akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na kalamu hakuwa ameichovya. Fidha aliiona.

"Sina nitakalolisema, bwana kadhi."

Kadhi akashusha pumzi. Akaandika hukumu.

Wakamzika Yakuti Chumvini kabla ya alasiri. Ardhi ile ikichimbwa hutoa maji kabla shimo halijafika kiunoni, kwa hiyo hata siku ya kwanza mama hakuitimiza ahadi yake. Alimteremsha mwanawe kwenye mwanandani, tundu la ubavuni mwa kaburi, wenye unyevu, akasikia tope likivuta. Wale arobaini walishuhudia uso wake wakati ule, na inasemekana hakuna hata mmoja aliyependa kuusimulia.

Kesho yake alianza kazi. Alichukua kikapu, akapanda nyanda za juu, akachota udongo mkavu, akaumwaga juu ya kaburi ili liinuke kuliko mto. Siku ya tatu Anbari akaja na kikapu chake, kisha na wengine, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na mtu wake pale. Kwa muda wa miezi minne weusi wa mji ule walibeba udongo baada ya kazi za mabwana zao. Bonde likaanza kuwa na vilima vidogo vidogo. Watoto wakavipa majina ya wafu. Anbari akasema, huenda hili ndilo ombi la tano, na hili halina uzi.

Mto ukafura mwaka ule kuliko kawaida. Ulichukua vilima vyote kwa siku mbili.

Fidha alikwenda maji yalipokauka. Safari hii hakukuta hata kipande cha sanda. Akakaa chini penye chumvi, akainua mikono, na dua yake ilisikiwa na Anbari aliyekuwa nyuma yake: "Mola wangu, nilimsitiri mama wa mtu. Mwanangu mbona hukumsitiri?" Kisha akainuka kwenda kuosha maiti aliyekuwa akimngojea mjini.

Siku chache baadaye, mchana, Kadhi Numani alifika mlangoni kwake peke yake, bila karani, uso ameufunika kwa kitambaa. Fidha akampa mkeka.

"Ulinyamaza," akasema kadhi.

"Nilinyamaza."

"Nami nilijua kwamba unajua. Tangu utotoni nimeliona bega la mama yangu. Siku ile nilikuwa nangoja uliseme." Akalia, mtu mzima, mwenye kilemba. "Laiti ungelisema ningepumzika. Nimekuja, mama. Kipo kiwanja karibu na mama yangu, penye mkunazi. Nimekwisha sema na mchimba kaburi. Tutamhamisha kwa siri, hakuna atakayejua."

Fidha akatikisa kichwa.

"Bwana, leo wewe una kaburi," akasema, "na mimi sina maiti."

Kadhi akainama. Akauliza ni kipi basi anachoweza kumfanyia.

"Kanuni utaibadili?"

Kadhi akatazama mkeka.

"Basi niandikie kitu kimoja, hapa, kwa mkono wako. Yakuti binti Fidha binti Chipungu."

Kadhi akatoa kalamu na wino, akatandika karatasi gotini. Akaandika Yakuti. Akaandika Fidha. Akachovya tena. "Binti nani?" "Chipungu." Akajaribu kulitamka, na mdomo wake, ingawa bibi yake mzaa mama huenda alilijua jina la namna ile, haukuweza. Kalamu ikasimama juu ya karatasi mpaka wino ukakauka nchani. Akachovya mara ya tatu, ukakauka mara ya tatu. Mwisho akaiacha karatasi mkekani, akafunika uso wake, akaenda zake. Kanuni ikabaki, na Chumvini pakabaki, na Fidha akaosha maiti wa mji ule miaka mingine kumi na miwili. Alipofariki yeye, walimwosha wanawake waliosomeshwa na Yakuti, na walipofika begani wakaongeza kafuri.

Ndugu msomaji, usiniulize subira ilimlipa nini, kwa maana sikuona, na sitaki kukudanganya katika kisa cha mtu ambaye hakudanganya. Ninachokishika ni hiki tu. Tunaamini kuna malaika wawili waandishi juu ya mabega ya kila mja, kulia na kushoto. Yule wa kulia kwake Fidha alikaa juu ya chapa ile maisha yake yote. Huyo, tunatumaini, hakupungukiwa na herufi.