Mzinga wa Mzee Mwalugha

"Ukichoma mzinga mkuukuu, mpya utaupaka nini?"

Mmemsikia mzee yule akilitupa neno hilo ukumbini leo, mlipokuwa mkibishana nani awaongoze, nanyi mkacheka. Sasa mmekuja kuuliza limetoka wapi. Halikutoka kwa wahenga wa kale. Limetoka juzi tu, kwa watu wenye suti waliokaa kwenye viti vya kuzunguka, na lilianza namna hii.

Katika kaunti moja ya milimani kulikuwa na chama ambacho alama yake ni mzinga wa nyuki, na watu wakakiita Chama cha Mzinga. Katika bunge la kaunti kilikuwa na wajumbe kumi na watatu. Hawakutosha kupitisha hoja peke yao, lakini walitosha kuikosesha serikali ya kaunti usingizi. Kiongozi wao kwa mihula mitatu alikuwa Mzee Mwalugha, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyezijua kanuni za bunge moja moja kwa namba zake. Hata spika akikwama, alimtupia jicho yeye kwanza. Mwaka ule wa kwanza kabisa alibeba kutoka kwake mzinga wa gogo uliochongwa na marehemu baba yake, mweusi kwa moshi, akautundika juu ya mlango wa chumba cha chama. Ukipita pale, harufu ya nta ilikupiga puani.

Lakini msidhani alikuwa malaika. Mwalugha alijua mengi na hakumfundisha mtu. Kila kitu kilikaa kichwani mwake na katika mkoba wake wa ngozi, na mkoba huo hakuna aliyeufungua ila yeye. Ukimuuliza kwa nini leo tumeondoa hoja, au kwa nini tumesubiri mpaka Alhamisi, alikujibu, "Utajua ukikua." Siku moja alimjibu hivyo Mkawasi, mbele ya wajumbe wote. Mkawasi alikuwa na miaka arobaini na sita, na mjukuu.

Huyu Mkawasi ndiye mwenye hadithi. Aliingia bungeni muhula wa tatu, akiwakilisha wadi ya Kilambeni, na Kilambeni ina kitu kimoja tu cha kujivunia: chemchemi isiyokauka hata mwaka wa njaa. Wakati wa kampeni wanawake wa huko walimpeleka kwenye chemchemi hiyo. Walitaka kiapo, na kiapo cha Kilambeni huapwa kwa kunywa. Mkawasi alipiga magoti, akachota kwa kibuyu, akanywa, akasema, "Maji haya yakichukuliwa nikiwa nimeketi bungeni, nisirudi tena kunywa maji Kilambeni." Mama yake mzazi alikuwa amesimama pale. Akaitikia pamoja na wengine.

Ikafika siku ya kuchagua kiongozi upya. Wengine walimtaka Mwalugha aendelee, wakisema ng'ombe huyu tunajua anavyokamuliwa. Wengine walimtaka Mwasaru, kijana wa miaka thelathini na mitatu, aliyekuwa mtangazaji wa redio. Huyo alikuwa fundi wa kusema. Akisema, hata makarani waliacha kuandika wakamsikiliza, na hapo ndipo wangeliona balaa, maana maneno yasiyoandikwa bungeni ni sawa na yasiyosemwa.

Desturi ya chama hicho wakati wa kuchagua ni hii: wagombea wawili husimama wameelekea ukuta, na wenzao hujipanga nyuma yao. Wanafanya hivyo ili mgombea asimwone aliyemkimbia. Siku hiyo watano walijipanga huku na watano kule, akabaki Mkawasi peke yake katikati ya chumba. Akautazama mgongo wa mzee, koti lake la rangi ya kahawia lililopauka mabegani. Akautazama mgongo wa kijana. Likamjia lile neno, utajua ukikua. Akaenda akasimama nyuma ya Mwasaru.

Mzee hakugeuka mpaka karani alipotangaza. Alipogeuka aliuangalia mstari ule, akamwona aliye mwisho, akatikisa kichwa taratibu, akachukua mkoba wake.

Mpaka hapo, wanangu, hakuna kosa lililofanyika. Kumchagua kijana si dhambi, na mzee aliyejifanya kufuli na ufunguo pamoja hana haki ya kulia akibadilishwa. Kosa lilikuja baada ya chakula cha mchana.

Mwasaru alisema chama kipya hakiwezi kupita chini ya gogo linalonuka moshi. Tayari alikuwa amemwagiza seremala, naye akaleta mzinga wa mbao zilizopigwa randa, wenye rangi ya manjano na vanishi juu yake. Wakauteremsha ule mkuukuu, wakaupeleka uani, mtu akaja na mafuta ya taa. Vijana wa chama wakaimba. Mpiga picha akawapanga.

Mkawasi alikuwa binti wa mrina asali. Tangu utoto alimwona baba yake akichonga mzinga mpya, na hakuna siku aliyoutundika hivi hivi. Kwanza alikwangua nta kutoka mzinga wa zamani, akaipasha moto, akaupaka ule mpya ndani kote, kwa sababu nyuki hawaingii nyumba isiyonuka kwao. Alilijua hilo. Wote walilijua, maana hapakuwa na hata mmoja pale aliyezaliwa mbali na nyuki. Lakini mpiga picha alimwambia, "Mheshimiwa, cheka kidogo," akacheka. Picha hiyo ilitoka gazetini. Amecheka meno yote nje, na nyuma yake moto.

Mzee Mwalugha alikuwa akielekea langoni. Alisimama, akautazama mzinga wa baba yake ukipasuka, kisha akauliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza saa:

"Mkuukuu mmeuchoma. Mpya mtaupaka nini?"

"Mzee," akasema Mwasaru, "huu wetu ni wa kutundika mlangoni. Si wa kufuga nyuki."

Watu wakaangua kicheko. Mkawasi naye alicheka, na hapo hakuna mpiga picha aliyemwomba.

Baada ya siku ile walimmalizia mzee kidogo kidogo. Wakamtoa katika kamati ya maji. Wakamhamishia kiti cha nyuma karibu na mlango, pale upepo unapoingia. Halafu Mwasaru akaweka utaratibu kwamba mjumbe wa chama asisimame kusema kama jina lake halimo katika orodha ya siku, na orodha aliiandika yeye. Jina la Mwalugha halikuonekana humo hata mara moja. Mzee hakulalamika. Alikuja na mkoba wake, akaketi, akaondoka.

Miezi minne ikapita, serikali ya kaunti ikaleta mswada. Kampuni moja ya kutia maji chupani ilitaka chemchemi ya Kilambeni, izungushiwe ua, iwe yake kwa miaka ishirini na mitano. Mkawasi hakulala wala hakula vizuri kwa wiki tatu ambazo mswada ulikaa mezani. Alizunguka kwa wajumbe wa upande wa pili akiwasihi mmoja mmoja. Alimbembeleza hata aliyewahi kumtukana. Hakwenda kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango. Mara mbili alianza kwenda, na mara mbili aliikumbuka picha ile gazetini, akaona aibu, akarudi.

Siku ya mjadala Mwasaru alisema dakika ishirini. Na alisema, jamani, haki yake apewe. Alisema mpaka wananchi waliokuja kusikiliza wakapiga makofi, jambo lililokatazwa, na spika akawakemea. Akaketi akijipangusa jasho. Ila upande wa pili walikuwa wengi, na wengi hawashindwi kwa hotuba.

Spika akajiandaa kuwahoji wajumbe, ndiyo au siyo. Hapo Mkawasi alisikia kiti kikilia nyuma. Akageuka. Mzee Mwalugha alikuwa amenyanyuka nusu, na mkononi ana karatasi iliyogeuka manjano.

Mwasaru naye akageuka, akashusha kiganja chake chini, namna ya kumketisha mtoto. "Mzee, haumo katika orodha," akanong'ona.

Mzee hakumtazama Mwasaru. Alimtazama Mkawasi. Mkawasi aliinamisha macho kwenye makaratasi yake, akayapanga yaliyokuwa yamepangika. Alipoinua kichwa, mzee alikuwa ameketi.

Spika akahoji. Waliosema ndiyo wakashinda.

Mkawasi alimkuta mzee kwenye ujia, nje ya ukumbi, akifunga mkoba.

"Mzee, ulitaka kusema nini?"

Alimpa ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wa kumbukumbu za bunge, za muhula wa kwanza, kabla Mkawasi hajawa mjumbe. Bunge liliazimia, kwa hoja ya Mheshimiwa Mwalugha, kwamba chemchemi ya Kilambeni isikabidhiwe mtu wala kampuni mpaka azimio hilo lenyewe lifutwe kwanza, kwa theluthi mbili ya wajumbe wote.

"Hawana theluthi mbili," akasema Mkawasi.

"Hawana. Na hawakukumbuka kwamba azimio lipo. Ningelisoma, spika angeufunga mjadala pale pale."

"Na sasa?"

"Sasa kura imepigwa. Jambo lililokwisha kuamuliwa halirudiwi. Ni kanuni ile ile iliyokuwa ikililinda azimio langu, mwanangu, ila sasa imehamia kwao."

Mkawasi aliuegemea ukuta. "Mswada umekaa mezani wiki tatu. Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja kuulizwa."

"Kanuni ikivunjwa, mjumbe yeyote husimama kwa hoja ya nidhamu, na hoja hiyo haingoji kiongozi wa chama. Haina orodha. Wewe ndiye unayezijua kanuni. Ungeweza kusimama."

Mzee aliuvuta mkoba wake kando. Mfagiaji akapita kati yao na ndoo yake.

"Ningeweza," akasema mzee.

"Basi?"

"Nilikutazama. Nikasema moyoni, huyu akitamka tu 'mwacheni mzee', nitasimama. Hukutamka. Na mimi nikaketi."

"Kwa kiburi chako watu wangu wamekosa maji."

"Kwa kiburi changu," akasema mzee. "Na chako."

Mkawasi aliitazama tena karatasi. Hasira ilikuwa imempanda, nayo haikujua imwendee nani. "Miaka yote hii umeibeba mkobani. Kwa nini hukumwonyesha hata mmoja wetu?"

Mzee akafungua kinywa, na Mkawasi akajua neno gani linakuja. Lakini safari hii halikutoka. Mzee alilimeza, akamwachia ile karatasi, akashuka ngazi polepole akishika ukuta.

Gavana akatia sahihi wiki ile ile. Kesi ilifunguliwa, na mpaka leo inaahirishwa. Ua ulijengwa Kilambeni kwa siku tisa, waya juu na mlinzi langoni, na mlinzi mwenyewe ni kijana wa pale pale, anayewafukuza shangazi zake.

Mkawasi alikwenda. Ilimpasa kwenda. Alimkuta mama yake nje ya ua na dumu tupu, pamoja na wanawake walewale wa siku ya kiapo. Wengine walikuwa wametoka kuteka mtoni, mwendo wa saa mbili, maji yenye matope. Aliwaeleza yote: azimio, karatasi, mzee alivyonyanyuka, alivyoketishwa. Akasema kiongozi mpya hakujua. Akasema si kosa lake kutojua, hakuna aliyemwambia.

"Ni yule mzee mliyechoma mzinga wake?" akauliza mama yake.

"Ndiye."

"Nilikuona gazetini."

Mkawasi aliutazama waya wa ua.

"Baba yako alikubeba mgongoni kwenda kutundika mizinga," akasema mama. "Alikupa nta uipake kwa vidole vyako mwenyewe. Nilikuogesha jioni haikutoka. Leo mtu anisomee makosa ya Mwasaru? Mwasaru alikuwa mpya. Mzee naye, Mungu amlipe kwa kunyamaza kwake. Lakini wewe, Mkawasi, ulijua." Akaliinua dumu lake tupu. "Ukichoma mzinga mkuukuu, mpya utaupaka nini?"

Mmoja wa wanawake, kwa huruma, alimimina maji ya mtoni kwenye kikombe akamnyooshea, maana jua lilikuwa kali na mgeni ametoka mbali. Mama yake akaushika mkono wa yule mwanamke, akaurudisha.

"Aliapa," akasema.

Mkawasi alirudi mjini siku ile, na hajakanyaga Kilambeni tena. Hata mama yake alipougua, alituma watu. Mzee Mwalugha hakugombea tena. Mwasaru amekuwa kiongozi mzuri siku hizi, anazijua kanuni, ameziokota moja moja kwa kuumia, na kila aliyoiokota kuna wadi iliyoilipia. Mzinga wa manjano bado unaning'inia juu ya mlango, vanishi yake inang'aa. Nyuki huupitia wakienda kwenye maua ya uani, pale palipokuwa na majivu. Hawajawahi kuingia.

Basi rudini ukumbini mkachague. Mkimtaka mkongwe, mchukueni, lakini kwanza aufungue mkoba wake mbele yenu. Mkimtaka kijana, mchukueni. Ila mkiisha kumchagua, na shangwe zikapanda, mtu akaanza kutafuta kiberiti, amkumbuke mwanamke yule aliyecheka mbele ya moto huku akijua. Ukichoma mzinga mkuukuu, mpya utaupaka nini?