Mama Akidi na Mstari wa Misufini

Asubuhi ya leo nilikuwa nabangua korosho nyuma ya jiko, vidole nimevipaka majivu ili mafuta yake yasinibabue, huku nawaza methali aliyotupa Mwalimu Makrina darasani: asiyekuwapo na lake halipo. Maana yake ni kwamba mtu akikosekana mahali mambo yanapoamuliwa, haja yake husahaulika, hata iwe kubwa kama nyumba. Wengi huitumia kumsuta mvivu. Lakini hapa Nkowe yuko mtu ambaye methali hii ilimpa na ikamnyang'anya, na uvivu hakuujua kabisa.

Mtu huyo ni Domitila, mkulima wa korosho na mwimbaji wa kwaya ya parokia. Binti yake Eva alifaulu darasa la saba akachaguliwa kwenda sekondari Nachingwea. Shule ile haikuwa na bweni, hivyo Eva na wenzake walipanga chumba karibu na stendi, wakawa wanajipikia wenyewe. Walikuwa kama vifaranga wasio na mama, na mwewe hawakukosekana. Kidato cha pili hakukimaliza. Alirudi nyumbani na mimba, na shule ikamfungia mlango.

Domitila hakumpiga wala hakumfukuza. Siku chache baadaye alimwambia mumewe, Tadeo, kwamba atagombea udiwani mpaka sekondari ijengwe hapahapa kwao, mtoto asome na kulala kwa mama yake. Tadeo, mtu wa maneno machache, aliuliza jambo moja tu: mikorosho itapuliziwa salfa ya kuzuia ukungu na nani? Domitila akajibu kwamba atapuliza alfajiri, kabla ya vikao.

Mwaka 1994 akashinda. Lakini mwanzoni alifanya kosa. Kwa desturi ya huku, ndugu anayeondoka msibani kabla matanga hayajavunjwa huonekana kama aliyefurahia kifo. Basi shemeji yake alipofariki, Domitila alibaki kwenye mkeka wa wafiwa, ingawa alijua kuwa wiki ileile madiwani wangeamua sekondari mpya ijengwe wapi. Akamwomba Idd, diwani wa kata jirani, amsemee.

Sekondari ikaenda kwenye kata ya Idd.

"Dada, nilisimama kukusemea wewe," Idd alimwambia bila aibu, "nikashtukia mdomo unataja kwetu. Ungekuwepo ungenikanyaga mguu."

Domitila aliondoka bila kugombana, ila tangu siku hiyo alijifunga kibwebwe. Hakukosa kikao tena. Ruangwa ilipokuwa wilaya kamili, alikuwa anakwenda huko kwa baiskeli, masika na kiangazi, mara nyingine homa ikimtetemesha. Akiwa na msiba aliwaomba ruhusa wazee, akaenda kikaoni na kurudi mkekani jioni. Wazee walinung'unika mwanzoni, baadaye wakazoea. Wenzake walipenda kutoroka baada ya chakula cha mchana, na mara nyingi yeye ndiye aliyefanya idadi ya wajumbe itimie ili kikao kiwe halali. Idadi hiyo huitwa akidi, na jina la Mama Akidi likamganda kama utomvu wa mpapai. Zahanati ya Nkowe ilipitishwa siku moja ya mvua, madiwani wengi wakiwa wamekwishaondoka kuwahi lori. Kisima nacho kilipatikana namna hiyohiyo. Baadaye madiwani walimchagua kuwa mwenyekiti wa halmashauri. Walisema kiti hicho kinataka mtu wa kukikalia, na huyu hata umfukuze hatoki.

Sekondari tu ndiyo iliyomponyoka. Kila mwaka aliambiwa mwakani.

Mwaka 2007 ile mwakani ikafika. Kila kata ilitakiwa iwe na sekondari yake, na Nkowe ikabakiza swali moja: ijengwe wapi? Mbaruku, mnunuzi wa korosho, alitaka iwe barabarani karibu na maduka. Domitila alitaka Misufini, kule ndani, vitongoji vinapokutana, ili watoto watembee kutoka kwao na kurudi kwao. Mtendaji wa kata, Richard, kijana aliyehamishwa kutoka Kagera, alitangaza kwamba wananchi wataamua Jumamosi kwa kupanga mistari, kila mstari nyuma ya msemaji wa upande wake. Haikuwezekana kuahirisha, maana saruji ingepelekwa kata nyingine.

Jumamosi hiyohiyo chama chake kilikuwa kinamchagua mwenyekiti wa mkoa kule Lindi, na Domitila alikuwa mgombea. Alikitaka cheo hicho, hakuficha. Alikuwa ameshona kitenge kipya, na wajumbe wengi walikuwa upande wake. Sharti lilikuwa moja tu: mgombea afike mwenyewe mbele ya wajumbe na kuomba kura.

Alfajiri ya Jumamosi, basi la Lindi likiwa linanguruma na begi la Domitila likiwa tayari juu ya keria, jirani yake Marselina alimfuata mbio.

"Mama, tumeulizana sana nani atasimama mbele ya mstari wa Misufini. Hakuna. Wote korosho zetu ananunua Mbaruku, na mstari ni wa hadharani, kila mtu anaonekana."

"Baba Eva si yupo?"

"Baba Eva kasema yeye ni mtu wa kupuliza salfa, si mtu wa kusimamasimama."

Domitila alicheka kidogo, kisha uso ukabadilika. Kondakta alimhimiza apande, akamwambia Lindi ni mbali. Domitila alitazama mlango wa basi, akamtazama Marselina ambaye kanga yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Halafu akaomba begi lishushwe.

Uwanja ulijaa mapema. Mbaruku alisimama upande wa barabarani, na nyuma yake mstari ukarefuka haraka. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwa upole kwamba walimu wageni hawataki kukaa porini, na kwamba shule ikiwa barabarani hata chaki itafika upesi. Wengi walitikisa vichwa kukubali. Richard alikumbusha kwamba watu hujipanga nyuma ya mtu, si nyuma ya mti, na mstari usio na wa mbele hauhesabiwi.

Domitila akatoka, akasimama upande wa pili peke yake.

"Aa, Mama Akidi," Mbaruku alitania, "huko Lindi si wanakusubiri? Au leo umekuja kutimiza akidi ya mtu mmoja?"

Watu walicheka. Domitila alikaza miguu kama nguzo ya nyumba, jua likimchoma utosini. Dakika zikapita, nyuma yake pakiwa patupu.

Ndipo Eva alipotoka kati ya watu, amemshika mkono binti yake Prisila, aliyekuwa darasa la saba. Miaka yote hiyo Eva hakuwahi kufungua mdomo mkutanoni. Alisimama nyuma ya mama yake, akageukia upande wa Mbaruku.

"Baba Mbaruku, walimu watapata njia. Mimi nilisoma karibu na stendi."

Hakuna aliyecheka. Mbaruku mwenyewe aliinamisha macho. Marselina akaja, akafuatwa na wanawake wa kwaya, mmoja mmoja kisha makundi makundi. Kina baba wawili watatu wakachomoka kwenye mstari wa barabarani, wakavuka uwanja bila kutazama nyuma. Tadeo naye akaja, mikono bado ya njano kwa salfa. Mstari wa Misufini ulifika mwisho wa uwanja ukapinda kona, na Richard alipomaliza kuhesabu, alisema shule itajengwa Misufini. Vigelegele vilisikika mpaka parokiani.

Domitila alivipokea kwa tabasamu, kisha akajitenga. Alipanda juu ya kichuguu, mahali pekee ambapo simu hushika mtandao, akamwandikia katibu wa uchaguzi kule Lindi: "Nimebaki Nkowe kwa kazi ya wananchi. Naomba kujua, jina langu bado lipo?"

Ujumbe ulikwenda. Alisubiri mpaka kivuli cha kichuguu kikarefuka uwanjani, ambako watoto walikuwa wakicheza kupanga mistari. Jibu halikuja jioni ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Kwenye mstari wa Misufini alikuwepo, na shule ikawepo; Lindi hakuwepo, na cheo kikapita. Kweli wahenga hawakukosea: asiyekuwapo na lake halipo.